Sumu Iliyofichua Pampu

Yupo panya anayeishi Kenya, Ethiopia na nchi za jirani ambaye mbwa akimuuma, mbwa ndiye anayeweza kuanguka na kufa. Si panya wa darini huyu. Uzito wake hukaribia kilo moja, manyoya yake ni marefu, na mwendo wake ni wa taratibu, mwendo wa mnyama asiyemhofu yeyote. Wanasayansi humwita Lophiomys imhausi. Akitishwa hakimbii. Humgeuzia adui ubavu, manyoya marefu yakagawanyika, na katikati ukafunuka ukanda wa nywele za namna nyingine, umezungukwa na weusi na weupe. Ni kama anamwonyesha adui mahali pa kuuma.

Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tabora, alichapisha pamoja na wenzake maelezo ya siri ile. Panya huyu hutafuna magome na mizizi ya mti wa msungu, kisha mate yale yenye sumu huyapaka kwenye nywele za ukanda wa ubavuni. Ukizitazama nywele hizo kwa hadubini unaona kwamba zina matundu kwa nje na nyuzi laini kwa ndani. Zimeumbwa kufyonza na kuhifadhi. Mnyama anayeuma pale anajaza sumu kinywani mwake mwenyewe.

Vijana wangu, panya hakuwa wa kwanza wala wa pekee kuujua mti huo. Wagiriama waliujua, Wakamba waliujua, na Waata, wawindaji mashuhuri wa tembo katika nyika ya Tsavo, walibeba mishale iliyopakwa sumu yake iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi na nzito. Mshale mdogo ukipenya ngozi ya tembo hauwezi kumwua kwa jeraha. Kinachomwangusha ni kile kilichoko nyuma ya chembe ya mshale, kinachoingia kwenye damu na kwenda hadi moyoni. Jambo la kushangaza ni kwamba nyama ya mnyama aliyepigwa kwa mshale huo ililiwa, nao walaji hawakufa. Mti wenyewe usiuchezee hata hivyo. Watu wamekufa kwa sumu hii, na mkwaruzo mdogo wa ngozi unatosha kuwa njia yake.

Kwa nini moyo? Swali hilo lilimgusa mtu mmoja kwa namna ya ajabu. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi kati ya 1858 na 1863, alikuwa ameweka sumu ya mishale ya huko mfukoni pamoja na mswaki wake. Sumu ile ilitoka kwenye mmea mwingine, Strophanthus, lakini ni ya ukoo mmoja na ya msungu. Siku moja baada ya kupiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, akajipima mapigo ya moyo, akakuta yamepungua. Mtu mwingine angetema na kusahau. Kirk, ambaye baadaye alikuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliliandika jambo hilo na sumu ikapelekwa kuchunguzwa Ulaya. Mwaka 1888 huko Ufaransa, Arnaud alifanikiwa kutenga sumu ya msungu wenyewe ikiwa safi. Ikaitwa uabaini.

Sasa tuingie ndani ya mwili, maana bila kuingia huko hatutaelewa sumu hii inagusa nini.

Mwili wako una seli zipatazo trilioni 30. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba sana wa mafuta, wenye tabaka mbili za molekuli: vichwa vyake vinaelekea kwenye maji ya nje na ya ndani, mikia yake imejificha katikati. Mafuta hayo hayapitishi chumvi kwa urahisi. Chumvi ikiyeyuka majini huwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na ayoni haziwezi kupita kwenye mafuta. Zinapita kwenye njia maalumu zilizotengenezwa kwa protini, na njia hizo zimetapakaa kwenye utando wote.

Ukipima maji ya nje ya seli na ya ndani, utakuta tofauti kubwa. Nje kuna sodiamu nyingi, zaidi ya mara 10 ya ile ya ndani. Potasiamu ni kinyume: ndani ni zaidi ya mara 30 ya ile ya nje. Ukweli huu uliwasumbua wanasayansi kwa miaka mingi, kwa sababu kitu kilichoyeyuka huelekea kusambaa hadi kilingane kila mahali. Tia sukari kwenye maji uone: hakuna sukari inayojikusanya upande mmoja wa glasi. Basi vipi mwili mzima uishi miaka 70 au 80 huku seli zake zikikataa kulinganisha sodiamu ya ndani na ya nje?

Wapo waliodhani kwamba utando haupitishi sodiamu kabisa. Ilipopimwa, ikaonekana kwamba inapita. Inavuja kila dakika.

Fikirini jahazi la mbao. Hata likitiwa kalafati na fundi bora wa Lamu, maji yatapenya tu. Jahazi linaelea kwa sababu yupo baharia anayefua maji mchana na usiku. Ukilichungulia kwa muda mfupi utaona maji ya ngamani yako pale pale, hayapandi wala hayashuki, ukadhani hakuna linaloendelea. Kumbe kutobadilika kule ndiko kazi yenyewe. Mwache baharia alale, ndipo utakapojua jahazi linavuja kiasi gani.

Seli nayo inavuja, na ndani yake yumo wa kufua. Ni protini iliyopachikwa kwenye utando, nayo huitwa pampu ya sodiamu na potasiamu. Hushika ayoni 3 za sodiamu kutoka ndani, hujikunja, huzitoa nje. Kisha hushika ayoni 2 za potasiamu kutoka nje, hujikunja tena, huziingiza ndani. Mzunguko mmoja hugharimu molekuli 1 ya ATP, ile nguvu ambayo seli inaipata kutokana na chakula ulichokula na hewa uliyovuta. Pampu moja inaweza kuzunguka mara 100 hivi kwa sekunde. Ukilala umejinyoosha, hufanyi lolote, takriban robo ya nguvu ya mwili wako inakwenda kwenye kazi hii peke yake. Katika ubongo ni karibu nusu, hata zaidi. Mimi naliona hili kuwa miongoni mwa mambo makubwa ambayo biolojia inaweza kumwambia kijana: unapojiona umepumzika, bado unafanya kazi, na kazi hiyo ndiyo inayokutenganisha na maiti.

Ushahidi wake uko karibu kuliko unavyodhani. Benki ya damu huhifadhi damu kwenye jokofu, kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi. Baridi hiyo inaifanya pampu ipunguze kasi mno, lakini kuvuja hakukomi. Kadiri siku zinavyopita, potasiamu inatoka kwenye seli nyekundu na kujaa katika maji yanayozizunguka. Ndiyo sababu moja ya madaktari kuwa waangalifu hasa wanapomwongezea damu mtoto mchanga.

Sasa nani aliiona pampu hii? Hapa hadithi inahamia Denmark, katika mji wa Aarhus, na inahusu kaa.

Jens Christian Skou alikuwa daktari aliyetaka kujua dawa za ganzi zinafanyaje kazi kwenye neva. Alihitaji utando wa neva ambao ungekuwa safi kiasi, akaupata kwenye miguu ya kaa walioletwa na wavuvi. Akausaga, akaanza kupima kimeng'enya kinachovunja ATP. Tabia ya kimeng'enya hicho ilikuwa ngeni. Akitia sodiamu peke yake, hakifanyi kazi ya maana. Akitia potasiamu peke yake, vivyo hivyo. Zikikutana zote mbili, pamoja na magnesiamu, kinavunja ATP kwa kasi. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1957.

Kwingineko, Uswisi, Hans Jürg Schatzmann alikuwa ameshaonyesha mwaka 1953 kwamba sumu za ukoo huu wa uabaini huzizuia seli nyekundu za damu kuitoa sodiamu. Mambo mawili yalikuwa yamekaa mbalimbali, kimeng'enya cha kaa na sumu ya mishale, na hakuna aliyekuwa ameyakutanisha. Mwaka 1958 Skou alikwenda mkutanoni Vienna akakutana na Robert Post, Mmarekani aliyekuwa akichunguza seli za damu. Walipokuwa wakizungumza Post akamuuliza kama uabaini huzuia kimeng'enya chake. Skou hakuwa amewahi kujaribu. Akapiga simu Aarhus na kuomba jaribio lifanywe. Jibu lilikuja: ndiyo, kinazuiwa. Kimeng'enya na pampu vilikuwa kitu kimoja.

Mwaka 1997, miaka 40 baada ya kuchapisha, Skou alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia akiwa na umri wa miaka 79. Ningependa kila anayesoma habari hiyo akumbuke pia wale wawindaji wa nyika waliochemsha msungu, kwa sababu bila sumu yao pampu ile ingechelewa sana kutambuliwa.

Turudi moyoni basi. Uabaini hujibana kwenye pampu kwa upande wa nje wa seli na kuizuia isijikunje. Sodiamu inavuja kuingia, haitoki. Katika misuli ya moyo ipo protini nyingine inayoitoa kalsiamu nje, nayo haitumii ATP. Hutegemea sodiamu inayoingia kwa nguvu ya ule utofauti wa ndani na nje. Utofauti ukipungua, protini hiyo inadhoofika, na kalsiamu inabaki ndani. Na kalsiamu ndiyo inayoamuru msuli ujikaze. Kwa hiyo kwanza moyo unajikaza kwa nguvu zaidi. Kisha, sumu ikizidi, kalsiamu inafurika, mpangilio wa mapigo unavurugika, sehemu hii inajikaza wakati ile inalegea, na damu haisukumwi tena. Tembo anaanguka.

Soma tena sentensi ile inayosema moyo unajikaza kwa nguvu zaidi. Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka anahitaji jambo hilo hilo, kwa kipimo kidogo mno. William Withering, daktari wa Uingereza, aliandika mwaka 1785 kuhusu mmea wa kwao unaotoa dutu za ukoo huu huu, na jinsi ulivyowasaidia wagonjwa waliovimba miguu kwa sababu ya moyo dhaifu. Dawa ya digoksini inayotolewa hospitalini hadi leo ni ya ukoo huo. Kipimo kinachotibu na kinachodhuru viko karibu sana, ndiyo maana daktari huifuatilia kwa makini. Kuhusu wale waliokula nyama ya windo, uabaini hufyonzwa kidogo sana na utumbo, tofauti na unapoingia moja kwa moja kwenye damu.

Lakini msidhani pampu ni habari ya moyo tu. Neva zako zinaposafirisha habari kutoka kidoleni hadi kwenye ubongo, njia za sodiamu hufunguka, sodiamu iliyowekwa nje kwa kazi ya pampu inaingia kwa ghafla, na mabadiliko hayo ya umeme yanasafiri. Figo zako huchuja lita 180 hivi za maji kila siku kutoka kwenye damu, na karibu zote hurudishwa, ikabaki lita 1 au 2 za mkojo. Urudishaji huo unaendeshwa kwa sehemu kubwa na pampu hii hii.

Utumboni ndiko ninakotaka tukae kidogo, maana ni jambo la uhai na kifo katika nyumba zetu.

Kipindupindu hakiuharibu utumbo. Sumu ya vijidudu vyake huziamuru seli za utumbo zimwage chumvi, na maji hufuata chumvi. Mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja, akafa kwa kukaukiwa. Ukimpa maji matupu, mengi hayafyonzwi. Ukimpa maji ya chumvi peke yake, vivyo hivyo. Ila ipo njia ambayo sumu hiyo haiigusi: protini inayochukua sodiamu na glukosi kwa pamoja, kimoja hakipiti bila kingine. Robert Crane alieleza wazo hilo kwenye mkutano wa Prague mwaka 1960. Sodiamu inakubali kuingia kwa sababu ndani ya seli ni kidogo, na ni kidogo kwa sababu pampu iliyo upande wa pili inaisukuma kwenye damu bila kuchoka. Sodiamu inaingia na glukosi, zote zinasogea kwenye damu, na maji yanazifuata.

Mwaka 1971 wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijaa katika mji wa Bangaon, India, na kipindupindu kikawaingia. Maji ya kutundika kwenye mshipa yakawa hayatoshi. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na sukari kwa wingi na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa kikombe. Vifo, ambavyo vilikuwa asilimia 30 hivi ya wagonjwa, vilishuka chini ya asilimia 4. Hakuwa na mashine wala wauguzi wa kutosha. Alikuwa na ufahamu wa jinsi seli ya utumbo inavyofanya kazi.

Pakiti ya ORS iliyoko zahanati ni mtoto wa ufahamu huo. Pakiti isipopatikana, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi hufaa wakati mgonjwa anapelekwa kupata matibabu. Usizidishe chumvi kwa kudhani utasaidia zaidi. Chumvi nyingi huyavuta maji kutoka kwenye seli na kumdhuru mtoto.

Mtu makini atauliza: mbona msungu wenyewe haufi kwa sumu yake?

Jibu ni kwamba mimea haina pampu hiyo kabisa. Seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando, kwa hiyo maji yakiingia haipasuki, inajaa na kukaza tu. Badala ya kuitoa sodiamu ili kupata potasiamu, mmea una pampu ya kusukuma nje ayoni za haidrojeni, na uabaini hauigusi. Kwa pampu hiyo ndivyo mizizi inavyoyavuta madini ya udongo. Na kwa pampu hiyo jani linapumua. Chini ya jani kuna vitundu vidogo, stomata, kila kimoja kikilindwa na seli mbili. Mwanga wa asubuhi ukizipiga seli hizo, pampu inasukuma haidrojeni nje, ndani kunakuwa na chaji hasi zaidi, potasiamu inaingia, maji yanaifuata, seli zinavimba na kujipinda, na kitundu kinafunguka. Hewa ya kaboni inaingia kwa ajili ya kutengeneza sukari, mvuke wa maji unatoka. Ukame ukizidi, mmea hutengeneza homoni ambayo inaitoa potasiamu kwenye seli hizo, zinalegea, kitundu kinafunga. Mahindi unayoyaona yamejikunja majani saa saba mchana yako katika hesabu hiyo: yafungue vitundu yapate kula, au yafunge yasikauke.

Mikoko ya pwani ina hesabu ngumu zaidi, maana mizizi yake iko kwenye maji ya bahari yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Mchu, aina nyingine ya mikoko, unairuhusu iingie, halafu unaitoa kwa tezi za majani. Ukilamba jani la mchu siku isiyo na mvua, utaionja.

Wanyama wenye pampu nao hawakukaa bila kujibu. Mimea mingine ya utomvu mweupe ina sumu za ukoo huu, na wapo viwavi wanaoila bila kudhurika. Kipepeo aina ya monaki wa Amerika Kaskazini ni mmoja wao. Pampu yake imejengwa kwa amino asidi zipatazo 1,000 kama za wengine, lakini chache zimebadilika mahali pale pale uabaini unapojibana. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliyaweka mabadiliko kama hayo kwenye nzi wa matunda, katika nafasi tatu tu za pampu yake. Nzi hao waliweza kula mmea wa aina hiyo wenye sumu na kuishi.

Sisi tunaye ndugu yake monaki, Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, anayeruka polepole mashambani kote Afrika Mashariki. Naye akiwa kiwavi hula mimea ya utomvu, na sumu anayoikusanya inaweza kumtapisha ndege. Yupo kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike lake limefanana na huyo rangi kwa rangi na halina sumu hiyo. Siku ukiwaona wawili hao kwenye ua moja, jaribu kuwatambua kabla ndege hajaamua.